Nimekuta mende mweupe kama maziwa nyuma ya friji, huyu ni albino au nini?

UsingiziHaba

Wakuu heshima kwenu. Naombeni mnieleweshe maana usingizi umekata kabisa. Nimeamka kama saa nane usiku kunywa maji, nawasha taa ya jikoni, nachungulia nyuma ya friji nakuta mende mweupeee, yaani mweupe kama maziwa, macho tu ndo meusi. Na katulia. Mende mnamjua akiona taa anavyotimua mbio, huyu wala, anachezesha antena taratibu kama mtu aliyeamshwa vibaya. Pembeni yake kuna mwingine wa kahawia wa kawaida kasimama tu, nikamsukuma na kijiti cha ufagio akaviringika kama jani kavu, kumbe mtupu! Mgongoni ana mpasuko, ndani hamna mtu, ila miguu yote sita ipo na vile vimiiba vyake, antena zipo, mpaka ile sehemu ya macho ipo kama miwani.

Sasa nyoka kujivua gamba hilo tumekua tukilisikia, ila mende? Huyo mweupe ni albino au anaumwa? Na kama ndo katoka kwenye hilo ganda, kapitishaje miguu yenye miiba bila kukwama? Afu kwanini asikue tu taratibu kama sisi, shida yote hiyo ya nini. Ganda nimelihifadhi kwenye kiberiti, mwenyewe nimemwacha, nilishindwa kumpiga ndala sijui kwanini.

ChuiWaPlastiki

Hahaha umeamka saa nane kumuonea mende huruma. Ni hizi dawa tunazopuliza kila siku hizo, zinawageuza, kesho utakuta wa kijani. Piga ndala ulale.

Darubini77

Chui acha kumtisha mwenzio. Hakuna cha dawa wala ualbino hapo, albino angekosa rangi mpaka machoni, na huyu umesema mwenyewe macho ni meusi. Huyo ni mende wa kawaida kabisa ametoka kujiambua muda si mrefu, pengine hata nusu saa haijaisha kabla hujawasha taa. Ukimrudia baada ya masaa kadhaa utamkuta kahawia na mbio zake zimerudi.

Kuhusu kukua. Sisi mifupa iko ndani na nyama iko nje, mfupa ukirefuka ngozi inafuata. Mende kapangwa kinyume, mfupa wake ndo hilo gamba la nje na misuli imejishika kwa ndani yake. Gamba lenyewe ni khitini, yaani molekuli za aina ya sukari zilizoungwa zikawa nyuzi ndefu, zikasukwa pamoja na protini, afu juu kabisa kuna tabaka jembamba la nta kuzuia maji ya mwilini yasipotee. Likishakauka halitanuki tena. Kwahiyo mdudu hakui kama mti, anakua kama mtu anayepanda ngazi, anakaa kwenye saizi moja siku au wiki kadhaa anakula tu, afu kwa ghafla anaruka kwenda saizi nyingine.

Ila kitu ambacho wengi tunakikosea, na mimi nilikua nakikosea, ni kudhani mdudu anavua la zamani ndo aanze kuota jipya. Sivyo kabisa. Jipya linashonwa chini ya la zamani wakati bado kalivaa na anatembea nalo. Ngozi hai inajibandua kwanza kutoka kwenye gamba, ule uwazi mdogo unaobaki unajazwa maji yenye vimeng'enya, vimeng'enya vinalila gamba la zamani kwa upande wa ndani, na kile kilichoyeyushwa kinafyonzwa kurudi mwilini kikatumike tena. Hakuna kutupa mali! Ganda lako la kwenye kiberiti ni lile tabaka la nje lililoshindikana kuyeyushwa, ndo maana ni jepesi vile. Na hilo jipya kule chini linakua kubwa kuliko nafasi iliyopo, kwahiyo limekunjamana kama shati lililosokomezwa kwenye begi.

Siku ikifika anameza hewa, anabana tumbo damu ipande kifuani na kichwani, na mgongo unapasuka kwenye mstari ambao toka mwanzo uliachwa dhaifu makusudi, kama pale pa kuchania kwenye pakiti. Anatoka kwa mgongo, kichwa kinafuata, afu miguu anaivuta mmoja mmoja kama mtu anavua buti lililobana. Miiba unayoulizia saa hiyo ni laini, inalala inapovutwa na kusimama baadae. Akishatoka anaendelea kujijaza hewa ili ile mikunjo inyooke kabla gamba halijakauka, maana likikauka na mikunjo yake ndo basi, atabaki na ulemavu huo mpaka awamu nyingine kama ipo. Rangi inakuja pamoja na ugumu, zile protini zinafungwa zenyewe kwa zenyewe, ni karibu na kinachotokea ngozi mbichi inapogeuzwa kuwa ya viatu.

Afu fanya kitu kimoja. Kukikucha chukua hilo ganda, limulike na tochi ya simu kwa ndani pale penye mpasuko, utaona nyuzi nyeupe nyembamba. Usizing'oe. Niambie umeona nini.

KaaChonjo

Mende siwezi kuwazungumzia ila nafuga kamba wadogo kwenye tangi la maji, wale wekundu wa urefu wa ukucha. Mara ya kwanza nilikuta mmoja kalala chini, kakauka rangi, nikasema nimeua. Nikamtoa na kawavu nikamzika kwenye chungu cha maua kabisa, afu jioni nahesabu nakuta wote wapo. Nilizika nguo!

Ukibahatika kuwaona live haichukui muda. Kamba anatulia, anajikunja kama herufi C, pale kichwa kinapokutana na mgongo panafunguka, afu pap anapiga mkia katoka, hata kama sekunde chache tu hivi. Matayarisho ndo yanachukua siku, kutoka ni kufumba na kufumbua. Baada ya hapo anajificha nyuma ya mimea siku nzima haonekani, na ana haki, maana wenzie wakimkuta laini vile hawamwachi salama.

Tofauti na mende wa mwenye uzi, hawa wa majini wanajijaza maji badala ya hewa. Na gamba lao lina madini, kalsiamu nyingi, kwahiyo kabla ya kuvua wanainyonya kiasi kurudi mwilini. Kuna kamba wa mito ya maji baridi wenye magando kama ya kaa, wao wanaiweka akiba tumboni inakua mawe mawili meupe ya duara, wakishavua mawe yanayeyuka na kalsiamu inarudi kwenye gamba jipya. Zamani huko Ulaya watu walikua wanayauza hayo mawe kama dawa wakiyaita macho ya kaa, wala sio macho. Mimi tangini ganda siliondoi siku hizi, nawaachia wanalitafuna wenyewe na asubuhi limeisha.

Sasa mwenye uzi anashangaa miguu ya mende, aende akamuangalie kaa. Nyama ya gando imejaa kama ngumi na inatakiwa ipite kwenye kiungo chembamba kama kidole kidogo. Anachofanya ni kwamba siku za kabla misuli ya gando inanywea, inapungua kabisa, na damu inatolewa mle ndani, ndo anaweza kuichomoa. Akikwama anaweza kuliacha gando hukohuko. Na anatoka kinyumenyume, sio kwa mbele.

Bi_Kiwavi

Jamani kumbe sipo peke yangu ninayeangalia hivi vitu usiku. Mwanangu alileta kiwavi tukamweka kwenye chupa na majani. Siku ya tatu akagoma kula, kaganda kwenye kijiti kichwa juu kama anasali, mtoto analia eti amekufa. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaona kitu cha ajabu, kile kichwa chake kidogo cheusi kimesogezwa mbele kama kofia iliyombana na nyuma yake shingo imevimba. Kumbe ule uvimbe ndo kichwa kipya, kikubwa, hakiwezi kuingia kwenye kofia ya zamani! Kesho yake kofia imedondoka chini ya chupa, nzima, ndogo kama mbegu ya mchicha, na kiwavi ana kichwa cha rangi ya maji ya kunde kinachong'aa. Tulizikusanya hizo kofia, kila moja kubwa kuliko iliyopita.

Darubini, kwa kiwavi mbona mwili unanenepa kila siku lakini kichwa hapana?

Darubini77

Dada umeona kitu kizuri sana. Ngozi ya mwili wa kiwavi ni laini na ina mikunjo, kwahiyo kati ya kuvua na kuvua inanyooka nyooka na kunenepa kidogo kidogo, ila kichwa ni kigumu, hakiongezeki hata unywele mpaka avue. Ndo maana wanasayansi wakitaka kujua kiwavi yuko hatua ya ngapi hawapimi urefu wala uzito, wanapima upana wa kichwa. Mmarekani mmoja Harrison Dyar alichapisha mwaka 1890 kwamba upana huo unapanda kwa uwiano unaokaribia kuwa uleule kila hatua, mara nyingi kama 1.4 hivi. Kofia zenu mngezipanga kwenye karatasi ya mistari mngemkuta Dyar humo. Kiwavi wa hariri anavua mara 4, na tangu anaanguliwa mpaka anaacha kula uzito wake unapanda kama mara 10,000, haifiki hata siku 30. Fikiria na gamba moja lisilovuliwa ingekuaje.

KasukuMkimya

Huwa nasoma tu ila leo acha niulize. Nani anamwambia mdudu kwamba sasa nguo imebana, vua? Anahisi maumivu?

Darubini77

Maumivu siwezi kumsemea. Ila anayemwambia ni homoni, na jinsi ilivyogundulika ni hadithi ya kikatili kidogo kwahiyo Bi Kiwavi usimsomee mtoto.

Karibu mwaka 1917 Mpolandi mmoja, Stefan Kopeć, aliwafunga viwavi uzi katikati ya mwili, akiubana damu isivuke. Upande wa mbele ukageuka bundo (ile hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo) kama kawaida, upande wa nyuma ukabaki kiwavi. Alipotoa ubongo mapema, hakuna kilichogeuka. Ikawa ni mara ya kwanza kuonekana kwamba ubongo wa mdudu unatuma kitu kupitia damu. Miaka ya 1930 Muingereza Vincent Wigglesworth akafanya na mdudu wa Amerika ya Kusini anayenyonya damu, jamaa wa kunguni kwa mbali. Huyu anashiba mara moja kila hatua, tumbo linatanuka kama puto na kule kutanuka ndo kunaamsha ubongo. Ukimkata kichwa siku ya kwanza baada ya kushiba havui, ila anaendelea kuishi hivyohivyo bila kichwa kwa miezi. Ukisubiri siku kadhaa ndo umkate, anavua bila kichwa. Yaani ujumbe ulishatumwa! Afu akawaunganisha wawili damu ipite toka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na yule aliyekatwa mapema naye akavua.

Ubongo unaiamsha tezi ya kifuani, tezi inatoa homoni inaitwa ekidisoni, hiyo ndo inaiambia ngozi ijibandue ianze kushona. Wajerumani Butenandt na Karlson waliipata ikiwa safi mwaka 1954, ilibidi wachukue kilo 500 za bundo wa nondo wa hariri kupata miligramu 25. Kuna na homoni nyingine mimi naiita homoni ya utoto. Ikiwa nyingi wakati wa kuvua, anayetoka ni mtoto mkubwa zaidi. Ikipungua, anatoka akiwa mpevu mwenye mabawa.

Na karibu wadudu wote wakishapata mabawa kamili hawavui tena, kwahiyo nzi mdogo unayemuona sio mtoto wa nzi mkubwa, ni aina nyingine au alishinda njaa akiwa funza. Kuna wale tu wanaotoka kwenye mito kwa makundi na kuishi siku moja mbili, hao ndo wanaovua mara moja zaidi wakiwa na mabawa, mpaka ngozi ya bawa inavuliwa. Na yule mdudu wa fedha fedha anayekula vitabu, hana mabawa na anavua maisha yake yote.

BuibuiMpole

Mimi nina buibui mkubwa wa manyoya, jike, mwaka wa 9 huu. Msije mkafanya kosa nililofanya. Siku ya kwanza nilimkuta kalala chali miguu juu, nikasema kafa, nikataka nimtupe, ile namgusa na kalamu mguu ukatikisika. Kumbe hao wakubwa wanalala chali ndo wavue. Buibui anayekufa mara nyingi miguu inajikunja chini yake kama ngumi, anayevua ameitandaza. Nimejifunza kwa presha.

Anaweza kukaa hivyo masaa. Kifuniko cha mgongo kinabanduka kama mfuniko wa kopo afu miguu minane inaanza kuchomolewa kwa pamoja kidogo kidogo, unaona kama anapumua kwa miguu. Meno yanatoka meupe, siku zinavyoenda yanakua mekundu afu meusi. Mpaka yawe meusi simpi chakula, na nyenje aliyebaki ndani lazima umtoe, nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui aliye laini. Alikuja kwangu na mguu mmoja kakatika, alivyovua ukaota mwembamba kama wa kuazima, alivyovua tena ukalingana na wenzake. Dume ni tofauti, wa aina hizi akishavua la kupevuka kawaida ndo la mwisho na hakai sana.

Na ganda lake nalilowesha maji yenye sabuni kidogo nalifungua kama karatasi. Ukiangalia sehemu ya tumbo kwa ndani unajua ni jike au dume. Mpaka utando wa tumbo la kunyonyea na wa mapafu upo mle. Hiyo ndo ilinishangaza kuliko yote.

ChuiWaPlastiki

Sawa nimekubali, dawa haigeuzi rangi. Sasa nyie wataalamu, kama huyu jamaa anategemea kuvua, si tumzuie kuvua? Na mwenye uzi alikua na mende laini mbele yake akamwacha, mimi nashindwa kuelewa.

Darubini77

Hahaha Chui kwa mara ya kwanza umeuliza swali la maana. Zipo, na tangu miaka ya 1970. Kuna dawa kama diflubenzuroni inazuia khitini isitengenezwe, mdudu anaendelea kula na kutembea, siku ya kuvua gamba jipya halina uimara, anachanika au anashindwa kutoka. Kuna na methopreni inaiga ile homoni ya utoto, mtoto hapevuki. Mbegu za mwarobaini nazo zina kitu kinachovuruga hizi homoni. Sisi hatuna khitini wala hatuvui, ndo maana hatuko kwenye shabaha yake. Ila haziui papo hapo, mende mpevu ambaye hana safari nyingine ya kuvua anaweza asishtuke kabisa, watu wanasema dawa feki kumbe hawajasubiri. Na usimwage karibu na tangi la KaaChonjo, kamba ni ndugu wa mende kwenye hili.

KasukuMkimya

Kwahiyo na nyoka ni hivyohivyo?

Darubini77

Hapana, nyoka ana mifupa ndani, anakua muda wote, anachovua ni tabaka la juu lililokufa na chini yake ngozi iko kamili. Hapitii ule uteketeke. Konokono naye havui, anaongeza nyumba yake pale mdomoni tu. Ila tandu, jongoo, nge, kupe, kunguni wote wamo. Kunguni mdogo anavua mara 5 na kila mara lazima anyonye damu kwanza, kwahiyo ukikuta vijiganda vya rangi ya chai kwenye mshono wa godoro usiseme ni uchafu. Jongoo akivua anaongeza na miguu. Mpaka minyoo ya duara ya tumboni wanavua, mara 4, wakati nyungunyungu havui kabisa. Mwaka 1997 ndo wanasayansi wakaja na hoja kutoka kwenye vinasaba kwamba hawa wanaovua wote, wadudu na minyoo ya duara, ni ukoo mmoja.

UsingiziHaba

Nimerudi wakuu, asanteni sana, nimesoma yote hata chai imepoa.

Darubini, nimefanya ulichosema. Nimeshika ganda na kibano cha nyusi cha mke wangu (msimwambie), nikamulika kwa ndani. Nyuzi zipo! Nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimejipanga ubavuni huku na huku kwa jozi, kila moja imeanzia kwenye kitundu kidogo ubavuni na inaingia ndani kwa kulegea. Na pale mdomoni kuna kama kibomba kingine kifupi kimening'inia. Nikadhani ni utumbo umebaki.

Darubini77

Hicho cha mdomoni ni utando wa koo lake, na hizo za ubavuni ni bitana ya mirija ya hewa. Mende hapumui kwa mdomo, anapumua kwa hivyo vitundu, na mirija inaingia mwilini mpaka kwenye misuli. Yote imetandikwa gamba jembamba kwa ndani, kwahiyo akivua la nje na hilo la ndani linavutwa kupitia vitundu. Hebu jaribu kufikiria unavua koti na bitana ya mapafu yako inatoka nayo mikononi. Uliyemkuta usiku alikua ametoka kufanya hivyo, ndo maana hakukimbia.

UsingiziHaba

Dah. Na mimi nilikua nalisukuma ganda lake na kijiti cha ufagio.

Nimeenda kuchungulia tena sasa hivi. Nyuma ya friji wapo watatu wa kahawia, wote wametimua mbio, sijui hata yupi ndo yeye.

ChuiWaPlastiki

Watatu??? Mkuu chukua ndala.